Alimtegemea Mungu na Pikipiki Yangu

Kama kuna mtu aliyewahi kunichosha hapa duniani, ni Katekista wetu. Nasema hivyo bila kuficha, na yeye mwenyewe nimemwambia zaidi ya mara moja. Sasa amehamia Inyonga kwa binti yake, mbali kiasi kwamba hawezi tena kuja kukaa kwenye benchi la gereji yangu na kuuliza kama chai imeshaiva, lakini anapiga simu. Anapiga saa ambayo nimefungua injini na mikono yote ina oili. Nisipopokea anapiga tena, na nikipokea, simu nimeibana kwa bega, ananiuliza kwa upole, "Fundi, ulikuwa na kazi?"

Mimi natengeneza pikipiki hapa Makanyagio. Yeye alikuwa katekista wa kigango kimoja upande wa Kabungu, ila alipanga nyumba ya tatu kutoka kwangu, kwa sababu ambazo sikuwahi kuzielewa. Mtu mwenye akili zake anahamia karibu na kazi. Yeye alikaa mjini, kazi akaiacha kule, na katikati ya viwili hivyo akaweka imani. Padre alifika kigangoni mara moja kwa mwezi, mvua ikiruhusu. Jumapili nyingine zote ibada iliongozwa na Katekista, na siku za wiki kulikuwa na mafundisho ya watoto, wagonjwa na mazishi. Usafiri aliokuwa nao ni baiskeli ambayo nitaisema mbele kidogo.

"Mungu atatoa usafiri," ndivyo alivyokuwa akisema. Kwa miaka kumi na minane Mungu alitoa pikipiki yangu.

Ilikuwa hivi. Jumapili saa kumi na mbili asubuhi natoka nje na mswaki mdomoni, namkuta amekaa kwenye benchi, kanzu imekunjwa ndani ya mfuko, kitabu cha nyimbo kwapani. Hakugonga mlango. Hakuniomba hata siku moja. Angeniomba ningepata nafasi ya kukataa. Alikaa tu akitazama barabara kama mtu anayesubiri basi lenye ratiba, na mke wangu, Mama Neema, alikuwa ameshampa chai na kiporo cha wali. Nikitoa pikipiki alisimama, akatazama juu, akasema, "Asante Mungu wangu, umenikumbuka tena." Halafu akapanda nyuma.

Siku moja nilisimama katikati ya barabara nikamwuliza mbona mafuta naweka mimi, vumbi nakula mimi, na shukrani zote zinapanda juu. Akafikiri kwanza, maana swali la namna hiyo hakulidharau.

"Wewe nakushukuru kupitia kwake," akasema. "Nikikushukuru moja kwa moja utaanza kujisikia."

Ningemshusha pale pale. Nilikuwa na haki hiyo. Lakini kulikuwa na watu wanasubiri ibada, na yeye alijua kwamba najua, kwa hiyo nikawasha pikipiki tukaendelea.

Baiskeli yake haikuwa na breki. Alisimama kwa kukanyaga chini, na kandambili ya mguu wa kulia ilikuwa imeliwa mpaka unaona kidole gumba kinagusa ardhi. Mimi ni fundi, mambo hayo yananiumiza tumbo. Mara mbili nilimwekea breki mpya bila kumwambia, na mara mbili alizing'oa akampa mtu mwingine ambaye, kwa maneno yake, njia ya kwao ina miteremko zaidi. Na baiskeli hiyo hiyo isiyo na breki ilifungwa kwa kufuli mbili, moja kwenye gurudumu na nyingine ya mnyororo kwenye nguzo ya gereji yangu. Nikamwuliza huyo Mungu anayetoa usafiri ameshindwaje kulinda baiskeli.

"Analinda," akasema. "Ila na yeye tusimchoshe."

Mungu asichoshwe. Mimi je?

Jioni, siku ambazo hakuwa na mafundisho, tulicheza drafti. Hapo ndipo utamjua mtu. Huyu huyu ambaye mtoto akikosa neno moja la Nasadiki alimrudisha mwanzo mpaka machozi yamtoke, alikuwa mwizi wa kete. Nikigeuka kumhudumia mteja, nikirudi nimepungukiwa kete moja. Nikilalamika, anainama kunisaidia kuitafuta chini ya benchi, tena kwa bidii, anapuliza vumbi kabisa. Baadaye kete inaonekana mfukoni mwake, na yeye anashangaa kuliko mimi. Alisema hiyo siyo dhambi, ni mchezo, na hata kama ni dhambi ni ndogo, na hata kama siyo ndogo, Jumamosi ataungama. Nikimwuliza Jumatatu kama aliungama, anasema hayo ni mambo ya siri.

Hakujua kuimba, na aliimba kuliko wote. Akienda kumwona mgonjwa alisali mpaka uji wa mgonjwa unapoa. Ukibishana naye jambo lolote, iwe bei ya mpunga au njia ya kuziba pancha, akiona ameshindwa alisema, "Basi tumwachie Mungu," na hapo mjadala ulifungwa, wewe mshindi ukabaki na ushindi wako mkononi hujui uuweke wapi. Mama Neema alimpenda sana. Alisema mimi namlalamikia kwa sababu sina ndugu wa kulalamikia hapa mjini. Mke wangu ana tabia ya kusema mambo halafu anaingia jikoni.

Tulimzika mtoto wetu wa pili baada ya homa ya siku mbili. Alikuwa na miaka minne. Kila aliyeingia msibani alinishika mkono akaniambia Mungu amempenda zaidi. Nilimsubiri Katekista aje aseme la kwake, maana huyo hakosi neno, na nilikuwa nimeshaandaa la kumjibu. Halikuwa neno zuri. Hakuja pale walipokaa wanaume. Mchana nikaenda nyuma ya nyumba nikamkuta amechuchumaa katikati ya wanawake, anasugua masufuria kwa majivu, mikono myeusi mpaka kwenye viwiko. Akanitazama, akaendelea kusugua. Siku tatu alisugua masufuria, akachota maji, akapasua kuni, na zaidi ya sala za maziko hakutamka kitu.

Baada ya hapo niliacha kuingia kanisani. Sikumtangazia mtu. Niliendelea kumpeleka Kabungu kama kawaida, nikamshusha mlangoni, nikakaa nje kwenye kivuli cha ukuta mpaka amalize. Ndani wanaimba, wakulima wa mpunga na wale wafugaji waliohamia na ng'ombe wao kutoka kaskazini, kila mmoja na lafudhi ya kwao. Nje mimi nafuta vumbi kwenye tenki. Nilikuwa nimemkasirikia Mungu na sikuona sababu ya kuingia nyumbani kwake kumsalimia.

Kila Jumapili nilijua leo ndiyo siku ambayo Katekista ataniambia. Majibu nilikuwa nimeyapanga kichwani, moja baada ya jingine. Ikapita miezi, ikapita miaka sita, na mtu aliyeweza kuhubiri dakika arobaini juu ya punje moja ya haradali hakuniambia hata njoo ndani upate kivuli kizuri. Anatoka, anavua kanzu, anatazama juu, anashukuru kwa usafiri, anapanda. Nyie hamjui inavyokera kujiandaa kwa ugomvi miaka sita na mwenzako haji.

Halafu ikaja ngiri.

Nilikuwa nimeona kwamba akipanda pikipiki anashika tumbo kwa chini, upande wa kulia, hasa tukipita kwenye mashimo. Nilipomwuliza alisema ni mkanda. Siku moja tunarudi kutoka kigangoni akanigonga bega nisimame. Akashuka, akatembea kidogo kwenye majani, akalala chali, akaanza kujibonyeza kwa viganja viwili, jasho linamtiririka, mpaka kile kilichokuwa kimetoka kikarudi ndani. Mimi nimesimama pale sijui nitazame wapi.

"Ina muda gani?" nikamwuliza.

"Haijafika miaka mitatu," akasema. Akakaa, akajipangusa uso. "Fundi, hili ni lako peke yako. Mimi nawafundisha watoto, naingia majumbani kwa akina mama. Sitaki watu wakiniona wafikirie huko chini."

Nikaapa. Kesho yake nikamlazimisha kwenda kwa daktari, naye daktari akasema wazi, mbele yangu: apasuliwe haraka, kwa sababu siku utumbo utakaponaswa pale na kukosa kurudi, atakuwa na saa chache tu, na barabara ya Kabungu siyo mahali pa kuwa na saa chache. Tulitoka pale nikiamini jambo limekwisha. Nilikuwa simjui bado, baada ya miaka yote ile.

Kwanza alisema kuna watoto wa kipaimara, Askofu anakuja, hawezi kuwaacha. Askofu akaja, akawapaka mafuta, akaondoka. Ikawa mavuno. Baada ya mavuno ikawa Majilio. Halafu akaona kwamba Kwaresima inakaribia, na mtu hawezi kulala kitandani wakati wa Kwaresima kama mfalme. Nilimsihi, nikamgombeza, nikamnunia wiki nzima. Nilimwambia ananitesa mimi, siyo ngiri. Kila safari namsikia nyuma yangu anavuta pumzi tukigonga shimo, nami naendesha kama nimebeba mayai, na usiku silali nikifikiri siku itakayomshika akiwa peke yake huko kwa wagonjwa wake.

"Mungu ameishika," alisema.

"Unaishika wewe," nikamwambia. "Mkono wako naouona ni wa kwako."

"Basi tumwachie Mungu."

Hapo ndipo nilipofanya nililofanya. Kigangoni kwao wenye nia za kuombewa waliandika kwenye vipande vya karatasi na kuvitumbukiza kwenye kikapu kilichowekwa mlangoni. Kabla ya ibada kuanza Katekista alikichukua, na wakati wa maombi ya waamini alisoma karatasi moja moja, watu wakaitikia. Mama fulani anaomba mwanawe apone, mwingine anashukuru ng'ombe amezaa salama. Jumapili ile, alipokuwa anavaa kanzu, nilichana karatasi kwenye daftari la gereji nikaandika yangu, bila jina, nikaitumbukiza kikapuni. Nilihesabu kwamba akishaanza kuisoma mbele ya watu hataweza kurudi nyuma, na wakishajua, akina mama wa kigango watamburuta mpaka hospitali. Kisha nikaingia ndani, kwa mara ya kwanza tangu tumzike mtoto, nikakaa benchi la mwisho. Nilitaka kuona.

Alisoma karatasi tano au sita. Halafu akachukua yangu, akainyoosha kwa kidole gumba, akasoma kwa sauti ile ile ya siku zote.

"Tumwombee Katekista wetu. Ana ngiri, daktari amemwambia asisubiri, naye anasubiri kwa kiburi anachokiita imani. Ee Mungu, mwondolee ubishi huu kabla haujamuua, maana wengine hatuna rafiki mwingine."

Mtoto mmoja akacheka akafinywa. Katekista akaiweka karatasi juu ya zile nyingine, akazipanga kingo zilingane, akasema, "Tumwombe Bwana." Watu wakaitikia, "Ee Bwana, twakuomba," kwa sauti za chini, wakitazama miguu yao. Akachukua karatasi iliyofuata.

Nilikuwa nimefikiri nitafurahi. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Mtu amenipa siri yake moja, akiwa amelala kwenye majani, nami nimeifanya tangazo.

Baada ya ibada akina mama walimzunguka. Bibi mmoja alimwuliza kwa sauti iliyofika mpaka barabarani iko upande gani, ili amletee dawa ya upande huo. Nilikuwa nimeshawasha pikipiki. Katekista akatoka, akanipita, akamsimamisha kijana wa bodaboda, akaingiza mkono mfukoni, akalipa nauli, akaondoka. Niliachwa pale na pikipiki inanguruma. Miaka kumi na minane, na siku hiyo ndiyo nikajua kwamba nauli alikuwa nayo.

Hakuja kwenye benchi wiki tatu. Sikuwahi kuona wiki ndefu namna ile. Jumapili niliamka saa kumi na mbili nikatoka na mswaki nikakuta benchi tupu, na Mama Neema amesimama mlangoni na kikombe cha chai, ananitazama. Nilipita kwake mara mbili, mara zote mlango umefungwa. Niliogopa ameshikwa na ngiri mahali na hakuna aliyeniambia, maana nani angeniambia? Na niliogopa zaidi kwamba yuko mzima na ameamua tu.

Wiki ya nne, Jumanne asubuhi, akaja anasukuma baiskeli. Akaifunga kwenye nguzo, kufuli ya kwanza, kufuli ya pili. Begani ana mfuko wenye shuka na sahani.

"Twende," akasema.

"Wapi?"

"Wewe unajua wapi. Umewaambia watu mia."

Nilimwendesha mpaka hospitali polepole kuliko nilivyowahi kuendesha maisha yangu yote. Nesi akataka ndugu wa kusaini. Binti yake alikuwa bado yuko njiani kutoka Inyonga, kwa hiyo nesi akanigeukia akaniuliza mimi ni nani wake, nikasema ni fundi wake. Nesi akamtazama mgonjwa kama anataka kujua ana mitambo gani mwilini. Nikasaini.

Walipomvalisha gauni la kijani nilimwona kwa mara ya kwanza alivyo mdogo. Alinipa kandambili zake nimshikie.

"Fundi," akasema, "naogopa hii nusu kaputi."

Nami nilikuwa bado na hasira zangu za mwaka mzima. Nikamwuliza, "Na Mungu je?"

"Mungu yupo. Naogopa hivyo hivyo akiwepo." Kisha akasema, "Sikuwa nasubiri Kwaresima. Nilikuwa naogopa. Ulichoandika ni kweli, isipokuwa kile cha kiburi. Ni woga. Ungeandika woga."

Wakamwingiza. Nilikaa kwenye benchi la hospitali na kandambili mapajani, ile ya kulia imeliwa na barabara, na sikujua nifanye nini. Siwezi kusema nilisali. Nilikuwa nasema tu moyoni, huyu hapana, huyu hapana, mara nyingi, bila kutaja namwambia nani.

Kesho yake waliniruhusu kumwona. Alikuwa amelala chali, midomo mikavu, macho yakiwa mazima. Nesi alikuwa amemwambia asicheke wala asiongee sana kwa sababu ya nyuzi. Nikamwambia kwamba nimekuja kumwomba msamaha kwa ile karatasi. Sikutakiwa kuiandika, na kama ningejua jinsi ya kuirudisha kutoka mkononi mwake siku ile ningeirudisha.

"Niliiona kabla," akasema.

"Kabla ya nini?"

"Kabla ya ibada. Huwa nazipitia zote kwanza, wengine wanaandika matusi ya majirani. Mwandiko wako naujua, umejaa kwenye ukuta wa gereji."

Kitanda cha pili kulikuwa na mzee aliyevunjika mguu, anatusikiliza bila kujificha.

"Sasa kwa nini uliisoma?" nikamwuliza. Nilikuwa nakasirika upya. "Ungeitupa. Ungeiruka. Mtu anajisomea aibu yake mwenyewe mbele ya kanisa zima?"

"Zaidi ya miaka sita hujamwambia Mungu neno," akasema. "Nimesubiri, Fundi. Siku umemwambia, ulikuwa unanisema mimi vibaya. Ningefanyaje? Niikate sala yako ya kwanza kwa sababu inaniaibisha?"

Majibu niliyoyapanga miaka yote yalikuwa ya swali jingine. Nilimwambia anyamaze, ameshonwa, nesi amekataza. Hakunyamaza.

"Pale mbele sikukusikia," akasema. "Uliitikia?"

Ningeweza kudanganya. "Sikuitikia," nikamwambia. "Sikufungua mdomo."

Akafumba macho. Nikadhani amechoka, nikashika kofia yangu niondoke. Kumbe alikuwa anaikumbuka. Akaanza kuisema taratibu, kwa ile sauti mbaya, neno kwa neno kama nilivyoiandika: tumwombee Katekista wetu, ana ngiri, daktari amemwambia asisubiri. Alipofika kwenye kiburi alisema woga. Maneno ya mwisho, yale ya rafiki, aliyasema polepole zaidi. Kisha akafumbua macho akanitazama na kusema, "Tumwombe Bwana."

Mzee wa kitanda cha pili akaitikia. Katekista akainua kidole kumnyamazisha, akaendelea kunitazama mimi, na angenitazama mpaka jioni, namjua. Machozi yalinitoka, na nilikuwa nimemkasirikia kuliko siku yoyote.

Nikaitikia.